Staa Kasema Tupa Laptopu ya GB 2? Yakhe, Usitupe!

Leo si siku ya nani kaachana na nani, ila ubuyu kidogo upo.

Kuna mwanadada mmoja wa mjini, wafuasi kibao, simtaji maana wenyewe mnamjua. Juzi kaweka klipu anafungua boksi la laptopu mpya, kisha akazicheka za zamani, akazifananisha na redio ya mbao. Komenti zikajaa vicheko. Sawa, ni kazi yake, na klipu ile inanuka tangazo hata kama hakusema. Mimi kinachoniuma ni kilichofuata huku kwetu Pemba. Vijana wa Chake na Wete wameanza kuzionea aibu mashine zao. Kuna mmoja wa chuo anataka kukopa anunue nyingine, wakati aliyonayo haina ubovu wowote zaidi ya kuwa nzito.

Tuseme ukweli jamani. Laptopu nyingi za huku hazikuja na boksi. Ni za mtumba kutoka Darajani au Kariakoo, au mjomba kaja nayo toka Muscat. Nyingine ni jasho la karafuu. Ramu GB 2, ikizidi sana 4. Unaiwasha, unakwenda kuswali, unarudi, kile kiduara bado kinazunguka. Unasema imekufa. Haijafa, imebebeshwa mzigo.

Mzigo wenyewe ni Windows. Windows 10 ilitoka 2015, na kwenye karatasi inakubali GB 2, lakini kukubali ni kitu kimoja na kukimbia ni kitu kingine. Ikishawaka tu, ramu nyingi imeliwa kabla hujafungua chochote. Ukifungua brauza inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na ile diski ya zamani ya kuzunguka haina haraka na mtu. Halafu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakasitisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 nayo inataka angalau GB 4, pamoja na kitu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, ambacho mashine nyingi za mtumba hazina. Sasa fundi anafanyaje? Anakupigia Windows ya magendo, na virusi juu kama nyongeza ya dukani. Baada ya miezi mitatu umerudi tena na hela mkononi.

Dawa ipo na ni ya bure: Linux nyepesi. Msiogope jina. Aliianza mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, mwaka 1991, na kama unasoma hapa kwa simu ya Android, basi moyo wa simu yako ni Linux hiyohiyo. Wala si jambo geni kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, na mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Wengine humu mlikuwa hamjazaliwa. Leo mnaambiwa Linux ni ya wadukuzi wa kwenye sinema!

Ubuyu wa pili huu. Kuna DJ anapiga mziki maharusini, toka Wete mpaka Mkoani. Ukimuona mezani utadhani ana mashine ya mamilioni, maana mgongoni mwa laptopu kabandika stika ya lile tunda lililoumwa. Ni ya mtumba, GB 2, ndani ina antiX, na anapigia Mixxx, programu ya bure ya maDJ. Taarabu inakwenda mpaka usiku mkubwa na haikwami. Namuelewa kwa nini anaficha, wateja wakijua watamshusha bei. Lakini hapo ndipo aibu inapotugharimu: anayejua anaficha, asiyejua anakwenda kukopa.

Sasa kazi. Angalia kwanza ramu, na kama prosesa ni ya biti 64 au 32. Ukiwa na GB 4, chukua Linux Mint ya Xfce, inafanana na Windows kiasi kwamba hutopotea. GB 2, chukua Lubuntu au antiX. Kizee kabisa cha biti 32, nenda antiX ya biti 32. Faili la Mint linakaribia GB 3, kwa hiyo usichome bando lako. Tafuta Wi-Fi ya chuo, au mwombe aliyenalo akurushie. Kuliweka kwenye flashi si kukopi na kupesti, inatumika programu kama Rufus, na flashi inafutwa yote. Picha za harusi ya dada zitoe kwanza.

Kisha unawasha laptopu huku unabonyeza F12, au F9, au Esc, inategemea kampuni, unachagua flashi. Hapa ndipo penye utamu: inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa kitu ndani. Jaribu sauti, jaribu Wi-Fi, cheza nayo. Ukiipenda unainstoli, usipoipenda unachomoa na Windows yako iko palepale. Ila ukishachagua kufuta diski, inafuta kweli, hakuna cha samahani. Na ikiwa Wi-Fi imegoma (zile kadi za Broadcom za zamani zina tabia hiyo), chomeka simu kwa waya wa USB, igawie laptopu intaneti, pakua draiva yake. Wengi wanakata tamaa hapo, na ni kazi ya dakika chache tu.

Nisiwadanganye lakini. Brauza ni brauza. Fungua YouTube, Instagram na tabu kumi kwenye GB 2, mashine itapiga magoti hata na Linux. Photoshop na Premiere hamna; kuna GIMP na Kdenlive, ingawa kuhariri video kwa GB 2 ni kujitesa. LibreOffice inafungua faili za Word, ila mistari inaweza kuhama, basi kazi ya mhadhiri itume kwa PDF. Na kama riziki yako inategemea programu ya Windows peke yake, baki huko, hakuna atakayekulaumu. Ukipata kihela, kabla ya kuwaza laptopu mpya, ulizia SSD, au kipande cha pili cha ramu kama nafasi ipo. Utaiona tofauti siku hiyohiyo.

Ninachokitamani ni kuwaona mafundi wetu wa Chake wana flashi mbili mezani, ya Windows na ya Linux, na mteja wa GB 2 aulizwe anataka apigiwe ipi. Hela ya ufundi ni ileile. Kama fundi wa mtaani kwenu keshaanza, tajeni mtaa kwenye komenti, jina lake acheni. Na mlioko Wete mwenye flashi ya antiX aseme, kuna watu wanaitafuta.