Hesabu ya stika ya gari haiishii siku ya kubandika

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, wauzaji wa vifaranga, wenye maduka ya pembejeo na vyama vya ushirika wamejifunza kutoka kwa wafanyabiashara wa mijini kwamba gari linalozunguka kila siku ni tangazo tosha. Siku hizi ni nadra kuona pikapu ya kusafirisha maziwa au mayai isiyokuwa na nembo, nambari ya simu na picha ya ng'ombe aliyenona kuliko wote wa eneo hilo. Si jambo baya. Kasoro iko kwenye hesabu. Mwenye gari huuliza bei ya kubandika, wakapatana, akalipa, na daftari likafungwa. Gharama ya kubandua, ambayo yaweza hata kuzidi ile ya kubandika, haimo.

Stika hizo hutengenezwa kwa PVC, plastiki ambayo kwa asili ni ngumu na hutiwa kemikali za kuilainisha ili ikubali kufuata mikunjo ya bodi. Kuna aina mbili kuu. Ya kwanza hukandamizwa na kuvutwa kati ya rola za moto, jinsi mpishi anavyosukuma chapati. Kwa kuwa imevutwa kwa nguvu, ikipata joto hutaka kurudi ilikotoka. Husinyaa, na kingoni hubaki ukanda wa gundi unaonasa vumbi. Ya pili humwagwa ikiwa majimaji, ikatandazwa na kuokwa, kwa hivyo haisinyai sana. Ile ya rola kwa kawaida huwa na unene wa mikroni 75 hadi 100. Ya kumwagwa ni takriban mikroni 50.

Hapa ndipo mkulima hukosea. Anaponunua plastiki ya kivungulio huuliza unene wake, na huuliza kama imetiwa kinga dhidi ya miale ya jua. Ya mikroni 200 humridhisha. Akifika kwa fundi wa stika huipapasa kwa vidole na kuchagua iliyo nene, akidhani ndiyo imara, na swali la kinga ya jua halimjii kabisa. Kumbe kwenye gari mambo ni kinyume: ile nyembamba ya kumwagwa ndiyo ghali na ndiyo hudumu. Isitoshe, picha iliyochapishwa huhitaji kufunikwa kwa utando mwingine mwangavu, la sivyo wino huchuja mapema na ng'ombe mwekundu akageuka wa kijivu.

Kampuni zinazotengeneza bidhaa hizi, zikiwemo 3M na Avery Dennison, hazitoi muda mmoja wa kudumu kwa gari zima. Hutenganisha sehemu zilizosimama, kama milango, na zile zilizolala, kama boneti na paa, ambazo hupigwa na jua la utosi na kuharibika mapema zaidi. Hutenganisha pia nchi za baridi na zile za jua kali. Stika ya bei ya chini yaweza kuchakaa katika mwaka mmoja hadi mitatu, ilhali iliyo bora yaweza kupita miaka mitano mlangoni. Kenya iko kwenye ikweta, na sehemu kubwa ya maziwa yake hutoka nyanda za juu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Pikapu inayoegeshwa Nyahururu, takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, huchomwa na jua hata siku ambayo dereva wake amevaa koti.

Chukulia mfano huu, ambao bei zake ni za kukisia tu. Stika ya Sh15,000 inadumu miaka miwili na kuibandua, pamoja na kung'arisha rangi, kunagharimu Sh8,000. Hiyo ni Sh11,500 kwa mwaka. Nyingine ya Sh35,000 inadumu miaka mitano na kubanduliwa kwa Sh5,000, yaani Sh8,000 kwa mwaka. Ile iliyoonekana rahisi ndiyo ghali, na hapo hazijahesabiwa siku ambazo gari limelala gereji huku maziwa yakisubiri kwenye mikebe.

Kubandua kwenyewe ni kazi ya subira. Stika hupashwa kwa hewa moto hadi ilegee, kisha huvutwa polepole ikiwa imekunjwa kuelekea nyuma, si kung'olewa kwa kishindo. Gundi inayobaki hulainishwa kwa dawa yake na kufutwa kwa kitambaa. Asubuhi ya Julai kule Limuru si wakati wa kazi hiyo bila kifaa cha joto, kwa maana plastiki baridi hukatika vipande vipande. Iliyokaa hadi ikapasuka huwa imepoteza vilainisho vyake, na fundi huibambua kwa kucha. Wengi hukimbilia wembe. Wembe huondoa stika, na huacha mikwaruzo ambayo mnunuzi wa gari huiona kabla hajafungua mlango.

Kuna hatari nyingine ambayo fundi mwaminifu huitaja mapema. Rangi ya kiwandani kwa kawaida hustahimili kubanduliwa, lakini sehemu iliyowahi kugongwa, ikatiwa puti na kupulizwa rangi upya yaweza kubambuka pamoja na stika. Magari mengi ya kazi nchini yaliingizwa yakiwa yametumika, na kanuni huruhusu yale yasiyozidi miaka minane. Historia ya bodi zake haijulikani vyema. Kabla ya kubandika, mwenye gari aulize fundi ni wapi rangi si ya asili, na hayo yaandikwe.

Swali la nani atabandua ni zito zaidi pale kampuni ya mbegu au ya malisho inapomlipa mwenye pikapu abebe tangazo lake kwa miezi kadhaa. Kampeni ikiisha, kampuni huondoka na stika hubaki, ikizidi kukauka kila juma. Mkataba unaotaja malipo bila kutaja tarehe ya kubandua na nani atalipa rangi ikiharibika ni mkataba wa upande mmoja, na vyama vya ushirika vyenye magari kadhaa vina nguvu ya kukataa kuutia sahihi.

Serikali za kaunti nazo zina sehemu yao. Chama cha Watengenezaji Bidhaa Kenya (KAM) kimelalamika kwamba gari moja lenye nembo hutozwa ada ya matangazo na kaunti zaidi ya moja. Kampuni kubwa huweza kuvumilia. Mfugaji anayevuka mpaka wa kaunti mbili kupeleka maziwa hawezi, na ada iliyolipwa mahali gari lilikosajiliwa kibiashara ingestahili kutambuliwa kwingine. Asiye na risiti husimamishwa njiani, na jioni hiyo hiyo huomba wembe.