Pamfleti za dakika za mwisho: nani anawaibia wadogo zetu?

Juzi mdogo wangu aliye kidato cha nne kanitumia ujumbe: "Shikamoo kaka, nina elfu tano, ninunue ipi?" Akataja pamfleti tatu. Mtihani ni Novemba. Nikamjibu asinunue hata moja, akanuna. Basi naandika hapa, labda atanielewa.

Jamani, tazameni zinavyopangwa barabarani hapa Dar mitihani ikikaribia! Jalada linang'aa, limeandikwa maswali na majibu ya miaka kumi. Nikafungua moja ya hesabu. Eti logi ya 2 ukijumlisha na logi ya 3 unapata logi ya 5! Ni logi ya 6, hata mimi niliyekimbilia uandishi kwa kuogopa namba najua. Mtoto amelilipia kosa hilo, atakesha akilikariri, kisha atalimwaga kwenye karatasi ya Baraza. Tumdai nani? Ndani hakuna jina la mhariri wala anuani ya mchapishaji.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Baraza la Mitihani linaweka kwenye tovuti yake, bure, fomati za mitihani na ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Humo wanaeleza swali kwa swali watu walikosea wapi na kwa nini, na wanaonyesha mifano ya majibu mazuri na mabovu. Yaani mtunga mtihani anakwambia mwenyewe alichotaka! Mdogo wangu hakuwahi kuzisikia ripoti hizo. Mwalimu wake yuko bize kuwauzia pamfleti aliyoitunga yeye, na asiyenunua anaonekana mkaidi.

Mtasema kijijini hakuna intaneti. Kweli. Mkuu wa shule akifika mjini achape nakala moja aiache maktaba, itasomwa hadi ichakae.

Sisemi zote ni takataka. Ipo inayoonyesha njia hatua kwa hatua na kutaja ni ya muhtasari upi. Hilo la muhtasari mliangalie sana, maana mitaala mipya ilianza Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, na wauzaji hawatupi mzigo wa zamani.

Elfu tano nimemwambia aende stesheneri akachapishe ripoti ya hesabu na ya kemia. Hadi sasa hajajibu.