Boriti Zina Kosa Gani?

Siku hizi ukitaka kutengeneza nyumba ya zamani katika Mji Mkongwe wa Unguja, shauri la kwanza utakalopewa ni hili: ng'oa boriti, mwaga zege. Atakupa fundi, atakupa jirani, atakupa na ndugu aliyerudi kutoka ng'ambo. Boriti, watakwambia, zimeoza, zinaleta mchwa, ni mambo ya kikale. Mimi nasema shauri hilo ni baya, na wanaolitoa wanamhukumu asiye na kosa.

Kwanza tuelewane sakafu yenyewe ni kitu gani. Wazee walilaza miti ya mikoko iliyonyooka kutoka ukuta hadi ukuta, mmoja karibu na mwenziwe. Juu yake wakapanga mawe bapa ya matumbawe, kisha kifusi kilichochanganywa na chokaa, wakakiponda hata kikashika. Kwa aliye chini ni dari, kwa aliye juu ni sakafu. Upana wa chumba uliamuliwa na mti, si na matakwa ya mwenye nyumba: kwa kawaida mita 2.5 hadi 3, na ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Hata nyumba za kale za Kuwait zilifunikwa kwa miti hiyo hiyo, ikichukuliwa kwa majahazi kutoka pwani yetu. Mti uliotafutwa kwa safari kama hiyo si mti dhaifu.

Basi huoza kwa nini? Kwa maji. Ichunguze boriti iliyooza. Mara nyingi utakuta katikati ni nzima, na ncha iliyoingia ukutani ndiyo iliyolika. Maji yametoka kwenye bati lililotoboka, au mfereji wa paa ulioziba, au choo kilichojengwa ghorofani mahali ambapo hapakuwa na choo. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji, lakini pia huyatoa. Ukiupaka saruji umeuziba pumzi. Unyevu hubaki ndani, na mti ukishapita kiasi cha asilimia 20 za unyevu, kuvu huanza kazi yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunauziba kwa saruji, na ukuta tunaujenga vile vile.

Wako wasiong'oa boriti bali humwaga zege juu yake wapate pa kubandika vigae. Hesabu hii ni ya mtoto wa shule. Chumba cha mita 3 kwa 6, zege la sentimita 5: ni mita za ujazo 0.9, na uzito wake hupita tani 2, vigae bado. Boriti zikipinda, lawama hupewa uzee. Wengine huweka mihimili ya chuma. Chuma kilichofungiwa ndani ya ukuta wenye unyevu na chumvi ya bahari hushika kutu, kutu huvimba, na uvimbe huo hupasua ukuta.

Nini kifanywe? Yazuie maji kwanza. Kisha gonga boriti moja moja kwa nyundo. Iliyo nzima hulia, iliyooza hutoa sauti iliyokufa. Hiyo ndiyo ibadilishwe, peke yake, sakafu ikiwa imetegemezwa kutoka chini. Ukienda kununua, chukua kipimo. Boriti ya kweli ina unene wa sentimita 11 hadi 14 hivi. Iliyo nyembamba kuliko hapo ni mazio, wala usikubali kuuziwa mazio kwa jina la boriti. Iwe imenyooka, imebanduliwa ganda, imekauka. Na juu yake rudisha chokaa.

Hoja moja naiheshimu: mikoko ni ngome ya pwani na malezi ya samaki, na imekatwa kupita kiasi. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje mwaka 1982. Lakini hoja hiyo yanisaidia mimi. Abadilishaye boriti nne amehitaji miti minne. Ang'oaye arubaini, nzima na mbovu, akazitia kuni, ameteketeza msitu ambao babu zetu walikwisha kuulipia.

Wala hili si suala la kupendeza macho tu. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini si makumbusho. Wamo wapangaji, wamo watoto wanaolala chini ya tani hizo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka, na watu wawili wakafa. Sisemi kisa chake ni boriti. Nasema tuliona kwa macho yetu kwamba jumba la zamani likianguka, huanguka juu ya watu.

La kusikitisha ni kuona majengo mapya ambamo boriti zilizong'arishwa zimebandikwa chini ya dari la zege, hazibebi chochote, kama mzee aliyeketishwa mbele ya mkutano asipewe nafasi ya kusema. Tunazing'oa zilikokuwa na kazi, tunazitundika zisikokuwa na kazi.

Mwenye nyumba, kabla hujamwita mtu wa zege, mwite mtu wa paa.