Simu Moja, Watu Kumi: Wito kwa Wakristo wa Pwani ya Cabo Delgado

Ndugu zangu wa Palma, Quionga, Mocímboa da Praia na visiwani, nanyi mliobaki Pemba na Metuge kwa kuwa kurudi bado kunawatisha: ninaomba kila parokia, kila jumuiya na kila kanisa, hata lile la miti na makuti, liteue watu wachache wasome ushauri nasaha wa Kikristo kwa njia ya mtandao. Wasome pamoja, si kila mtu kivyake, na gharama ibebwe na kanisa zima.

Hakuna anayehitaji kusimuliwa tuliyoyaona. Mashababi, waasi wenye silaha, walianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Kabla majeraha ya kwanza hayajafunga, kimbunga Kenneth kikatupiga Aprili 2019. Agosti 2020 mji wa Mocímboa ukatekwa pamoja na bandari yake, ukakaa mikononi mwao mwaka mzima, na tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Wapo waliokimbilia Afungi penye mradi wa gesi, wapo waliopakiwa mashuani hadi Pemba, na wapo waliovuka Ruvuma kwenda Tanzania, kisha wakarudishwa kupitia Negomano. Vita vilipopamba moto, karibu watu milioni moja wa mkoa wetu hawakuwa makwao. Na havijaisha: mwaka 2025 watu wa Mocímboa walifunga mizigo tena.

Waliorudi wamejenga vibanda na kulima mashamba. Mahema, mchele na mabati tumegawiwa, japo si kwa kutosha. Ila mama anayetetemeka akisikia pikipiki usiku anapeleka wapi tetemeko lake? Kijana aliyechukuliwa porini akiwa na miaka kumi na mbili, akarudi ana kumi na sita, huku majirani wakimtazama kwa jicho la pembeni, azungumze na nani? Anakwenda kwa katekista. Anakwenda kwa mchungaji, kwa sista, kwa mama kiongozi wa kwaya. Hospitali huja baadaye, kama huja.

Na huko kanisani anapewa nini? Mara nyingi anapewa haraka. Anaambiwa asamehe kabla hajaulizwa alifanyiwa nini. Anaambiwa aombe kwa imani zaidi, kana kwamba kutolala ni upungufu wa imani. Kwingine anazungukwa na kukemewa mapepo, kelele zinapanda, na mtu aliyekwisha kushikwa kwa nguvu mara moja maishani anashikwa tena na watu wanaompenda. Siwalaumu wanaofanya hivyo. Wanatoa walicho nacho, na hakuna aliyewapa kingine. Lakini Biblia yenyewe ingewatosha kama mwanzo. Eliya alipokimbia nyikani akatamani kufa, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, mlimani.

Mafunzo yapo, na mengi hayadai chuo wala kusafiri hadi Beira au Maputo. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ulioandikwa kwa ajili ya watu wa kawaida wasio madaktari. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kina kozi ya mtandaoni juu ya huduma hiyohiyo. Kwa upande wa Kanisa, kipo kitabu cha kuponya majeraha ya kiwewe kilichotungwa pamoja na viongozi wa makanisa kutoka nchi za Afrika zilizokuwa vitani, kikachapwa Nairobi mwaka 2004. Leo kinafundishwa duniani kote, kwa vikundi vya ana kwa ana na vya mtandaoni. Kitabu hicho ni chetu kuliko tunavyodhani, maana kilianza na maswali ya watu kama sisi.

Hapa naomba tuwe macho, kwa sababu si kila kozi yenye jina la Kristo inatufaa. Mwaka 1970 mchungaji Mmarekani, Jay Adams, alitoa kitabu kilichodai kwamba mchungaji mwenye Maandiko anatosha kushauri bila kuwategemea wanasaikolojia, na kwamba matatizo mengi ya watu yanayoitwa magonjwa ya akili chanzo chake ni dhambi. Kitabu hicho kilizaa wafuasi wengi, na baadhi ya kozi unazozikuta mtandaoni leo ni wajukuu zake. Nyingine huchanganya Maandiko na elimu ya saikolojia. Wasomi wamebishana juu ya hilo kwa zaidi ya miaka hamsini, na waendelee. Kwa pwani yetu jibu langu ni moja: msichana aliyeibwa na watu wenye bunduki asiulizwe dhambi yake. Kozi inayoanza na swali hilo tuipite.

Sasa kwa nini tusome pamoja? Kwanza kwa sababu mtandao wetu hauaminiki. Palma iliposhambuliwa mawasiliano yalikatika watu wakiwa bado porini, na baada ya uchaguzi wa Oktoba 2024 Msumbiji nzima ilionja kuzimiwa intaneti. Mtu mmoja mmoja hatamaliza kozi ya miezi mitatu kwa bando la kuungaunga. Kikundi kinaweza. Aliye Pemba au mjini anapakua masomo yote siku mtandao ukiwa mzuri, anayatuma kwa kadi ya kumbukumbu ya simu, na watu kumi wanakaa chini ya mwembe wanasikiliza kwa simu moja, wanasimamisha, wanajadili. Kozi nyingi ni za Kiingereza au Kireno cha darasani. Mmoja anayekijua anafasiri kwa Kimwani, mwingine kwa Kimakonde, na sisi wa Palma tuna Kiswahili chetu.

Pili, na hii ndiyo kubwa, ushauri haujifunzwi kwa kusikiliza video. Unajifunzwa kwa kukaa wawili wawili, mmoja akieleza shida yake ya kweli, ndogo, mwingine akijizuia kukatiza. Jaribuni, mtaona ugumu wake. Dakika tano za kusikiliza bila kutoa nasaha zinamshinda mhubiri hodari. Anayesoma peke yake atapata cheti chenye rangi ya dhahabu akitundike ukutani, na vyeti vya namna hiyo tunavijua. Anayesoma katika kikundi atasahihishwa na wenzake.

Haya yamejaribiwa kwa majirani zetu. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, wanawake wa Sudan Kusini walikusanywa kwa makundi wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, wakiongozwa na wanawake wenzao waliopata mafunzo mafupi tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba dhiki yao ya moyo ilipungua. Zimbabwe ina mabibi wanaoketi kwenye mabenchi nje ya zahanati wakisikiliza watu, kazi iliyoanza Harare mwaka 2006 chini ya daktari Dixon Chibanda, na imepimwa ikaonekana inafaa. Si Rhino Camp wala si Harare palipongojwa kila kijiji kipate mwanasaikolojia wake.

Liko jambo ambalo kozi za Ulaya na Marekani hulipitia juu juu, nasi hatuwezi. Ni siri. Kwao mshauri akitoa siri anashtakiwa. Kwetu mtu anaweza kufa. Mwanamke anayesimulia kwamba alilazimishwa kuwa mke wa mpiganaji, kijana anayekiri kwamba alibeba silaha, baba anayesema nani alimwonyesha nani kwa nani: maneno hayo yakivuka mlango, yatafika kwa askari, kwa jirani mwenye kisasi, au kwa wenyewe walioko porini. Kwa hiyo washauri wetu wasiandike majina. Wasipeleke habari ya mtu kwenye kikundi cha WhatsApp, hata kwa kuomba maombi. Maombi ya hadharani yenye maelezo mengi ni uvujaji wa siri uliovaa kanzu. Wanawake wasikilizwe na wanawake. Na asiyeweza kufunga mdomo asiteuliwe, hata akiwa mtoto wa mchungaji.

Washauri wetu wajue pia mwisho wa uwezo wao. Anayesikia sauti, anayetaka kujiua, asiyekula kwa siku nyingi, huyo apelekwe hospitali. Nchi yetu imekuwa ikifundisha mafundi wa magonjwa ya akili tangu mwaka 1996 ili wafanye kazi wilayani, na kikundi chochote cha masomo kinapaswa kumtafuta fundi wa wilaya yake mapema, kimwalike, kimwombe awasahihishe. Yakihusu unyanyasaji katika ugawaji wa misaada, ipo namba ya bure 1458, Linha Verde. Yakihusu mtoto, ipo 116, Linha Fala Criança. Namba hizi zibandikwe kwenye mlango wa kila kanisa.

Tunaishi kati ya Waislamu, na katika miji mingi ya pwani wao ndio wengi. Wamezika watu wao kama sisi, wamekimbia katika mashua zilezile. Muuaji aliyechoma misheni ya Nangololo mwaka 2020 hakuwaacha salama. Jirani Mwislamu akija kwa mshauri wetu, asikilizwe kama jirani. Asipewe kijitabu, asiombewe kwa nguvu, asiwekewe ubatizo kama bei. Tukigeuza machozi ya mtu kuwa mlango wa kumvuta, tutakuwa tumeiharibu kazi hii kabla haijaota, na tutawapa wachochezi neno la kusema. Heri tuwashirikishe masheikh tuliyojifunza. Mafunzo ya kusikiliza na ya kutunza siri hayana dhehebu.

Basi ninawaomba. Maaskofu na wakuu wa makanisa, chagueni pamoja kozi mbili au tatu zinazofaa, mtangaze majina yake, ili watu wasiuziwe vyeti hewa. Chuo Kikuu Katoliki cha Msumbiji, chenye elimu ya masafa na tawi Pemba, tutengenezeeni kozi fupi ya sauti tupu, isiyodai intaneti kila siku, katika lugha za pwani. Ninyi mnaopata mishahara Afungi, na ninyi ndugu zetu mlioko Mtwara, Dar es Salaam na Maputo, bando la mwezi la kikundi kimoja halitawafilisi. Vijana wenye simu nzuri, zitoeni kwa saa mbili kwa juma.

Na ninyi wa kila kanisa, Jumapili hii baada ya ibada msiondoke haraka. Kaeni, teueni watu wanne wanaojua kunyamaza, wanawake wakiwa angalau wawili, mkubaliane siku ya kukutana na nani atalipa bando.