Tahadhari: Asilimia ya Mashine Si Ushahidi

Walimu, wahadhiri na wasimamizi wa mitihani: msimpe mwanafunzi sifuri, wala msimpeleke kwenye kamati ya nidhamu, kwa sababu tu programu imesema kazi yake "imeandikwa na akili unde kwa asilimia 80". Hayo ni makisio, si ushahidi.

Programu hizi hazimjui mwandishi. Nyingi hupima jinsi ilivyo rahisi kubahatisha neno linalofuata. Ukishaandika "kilimo ni uti wa mgongo wa", kila msomaji anajua neno "uchumi" linakuja. Sentensi za namna hiyo zikirundikana, mashine huhukumu kwamba hakuna mtu hapo. Na anayeandika hivyo zaidi ni nani? Ni aliyejifunzia Kiingereza darasani, akakaririshwa sentensi za kufungulia insha. Hao ni wengi wa wanafunzi wetu, wa hapa na walioko ng'ambo.

Madhara yameshapimwa. Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizijaribu programu 7 kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza wa watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, asilimia 61 ya insha hizo zilidaiwa kuwa kazi ya mashine. Za wanafunzi wa Kimarekani zilipita karibu zote. Kibaya zaidi, ChatGPT ilipoambiwa izirembeshe insha zilezile za TOEFL kwa msamiati mzito, zilizonaswa zilishuka hadi kama asilimia 12. Mnyoofu anakamatwa, aliyesaidiwa na mashine anapeta. Julai mwaka huohuo OpenAI, wenye ChatGPT, waliiondoa programu yao ya ugunduzi kwa kukosa usahihi.

Kwa hiyo, kuanzia muhula huu:

- Ukishuku, mwite mwanafunzi akueleze kazi yake ana kwa ana: hoja hii aliitoa wapi, kwa nini aliacha ile.
- Ilinganishe na alichowahi kuandika kwa mkono mbele yako.
- Uamuzi utolewe na mtu, kwa maandishi, ukiwa na sababu zaidi ya asilimia, na mwanafunzi apewe nafasi ya kukata rufaa.

Wanafunzi, nanyi msikae mikono mitupu. Tunzeni rasimu, notisi na matoleo ya awali ya faili zenu. Mkiitwa, nendeni nazo.