Taja Kiasi Kabla Ziwa Halijafungwa

Tarehe 1 Desemba uvuvi katika Ziwa Mweru, upande wa Zambia, husimamishwa mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazae. Ndivyo ilivyo mwaka hadi mwaka. Krismasi nayo huja siku 24 baada ya ziwa kufungwa. Hakuna mkazi wa Nchelenge, kando ya ziwa hilo, asiyezijua tarehe hizo mbili. Basi mbona kila Desemba nyumba zile zile zinahangaika kutafuta mkopo wa mchele na nguo za watoto?

Tunasema na wasio na mwajiri: mvuvi mwenye mtumbwi wake, mama anayenunua samaki mwaloni na kuwapeleka Mansa au Copperbelt, anayeanika chisense (dagaa), fundi wa boti, mwenye kibanda cha chai kando ya soko la Kashikishi. Mwalimu atapata mshahara wake wa Desemba ziwa likiwa wazi au limefungwa. Ninyi hampati. Aliyejiajiri ndiye bosi na ndiye mfanyakazi, kwa hiyo mshahara wake wa Desemba lazima auweke mwenyewe, tena auweke Juni, Julai na Agosti, samaki wakiwa wanauzika.

Dawa yake inajulikana, ila haipendwi. Kaeni kama familia kabla ziwa halijafungwa, mtaje kwa sauti kiasi cha fedha za sikukuu, kisha msikizidishe. Basi. Watu wako tayari kukopa kwa riba, kuuza nyavu, hata kuvua usiku kwa kujificha, mradi wasitamke mbele ya mke, mume, watoto na wakwe kwamba mwaka huu tuna kwacha kadhaa tu. Kunyamaza huko ndiko kunakogharimu zaidi kuliko kuku na mchele.

Tuanze na hesabu, maana haina mjadala. Ziwa huwa wazi takriban wiki 39 na hufungwa takriban wiki 13. Kila wiki tatu za kazi zinapaswa kujilisha zenyewe na kulisha wiki moja ya kukaa. Maana yake, ukishatoa mafuta, barafu, nauli na ushuru, katika kila kwacha nne zinazobaki moja si ya leo. Ni ya Desemba, Januari na Februari. Anayekula zote nne mwezi Septemba amekwisha kula sehemu ya Krismasi yake, hata kama hajanunua puto.

Utasikia: mapato yetu hayatabiriki, leo samaki wapo, kesho hakuna. Ni kweli, na ndiyo maana tumesema moja katika nne, hatukusema kwacha mia kila Jumamosi. Wiki ukipata 800, weka 200. Ukipata 80, weka 20. Usipopata kitu, huweki kitu. Asiyejua atapata nini kesho ndiye hasa mwenye haja ya kuweka leo. Wavuvi wa Kigoma walipofungiwa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, walikuwa na haki ya kusema hawajazoea. Mweru imezoea zamani.

Tazama sasa fedha zenyewe zinavyokaa. Muuza samaki ana fundo moja kwenye kitenge chake. Anamlipa mvuvi kutoka fundo hilo. Mtoto akija kudai mkate, fundo hilo hilo linafunguliwa. Barafu, sadaka, vocha ya simu, mchango wa msiba, vyote humo humo. Jioni anahesabu noti na kusema biashara leo imekwenda vizuri, na hana njia ya kujua kama ni faida anayoishika au ni mtaji wa kesho. Kwa mpango huo, hata malaika hawezi kuweka akiba. Yanatakiwa mafundo mawili, au fundo moja na laini ya pili ya pesa za simu ambayo haiguswi sokoni. Na linatakiwa daftari la kwacha chache: kilichoingia, kilichotoka, kilichowekwa. Mistari mitatu kila jioni, hata kwa penseli.

Fedha iliyo takatifu kuliko zote ni mtaji wa Machi. Ziwa likifunguliwa, anayetangulia kuingia na nyavu zilizoshonwa, mashine iliyotengenezwa na mafuta ndani ya dumu ndiye atakayekutana na bei nzuri. Mchuuzi aliye na fedha mkononi siku hiyo anachagua samaki. Asiye nazo anabaki kuomba apewe kwa mkopo na kupangiwa bei. Kutumia fedha hizo Desemba 24 kwa sababu watoto wanataka soda ni kujinyima mwaka mzima. Mkulima wa muhogo hachomi vijiti vyake vya mbegu ili apikie wali wa sikukuu, hata njaa ikiwa imemkaba.

Wengine husema: nitakopa sasa, nitalipa ziwa likifunguliwa. Haya, tupige hesabu hiyo pia. Mkopo wa mtaani, kaloba, kwa riba ya nusu kwa mwezi, si jambo geni Zambia. Chukua kwacha 1,000 tarehe 20 Desemba. Tarehe 20 Januari unadaiwa 1,500, na huna, maana ziwa limefungwa. Tarehe 20 Februari unadaiwa 2,250, na bado ziwa limefungwa. Wavu haujagusa maji na deni limekwisha kupita maradufu. Umenunua chakula cha siku moja kwa zaidi ya mara mbili ya bei yake, na Machi utavua kwa ajili ya mkopeshaji.

Wapo pia wanaokwenda ziwani usiku. Tunajua, na majirani wanajua. Wakikamatwa, nyavu zinachukuliwa, na hasara inakuwa kubwa kuliko sikukuu kumi. Wasipokamatwa, wameopoa samaki wenye mayai. Mwambao huu una mfano wake. Samaki waitwao mpumbu walikuwa wakipanda Mto Luapula kwa makundi makubwa wakati wa mvua kwenda kutaga. Wakawekewa nyavu njiani, kila mwaka wengi zaidi, na kufikia mwisho wa miaka ya 1940 uvuvi ule ulikuwa umeanguka. Anayevua Desemba kwa ajili ya Krismasi ya mwaka huu anakula Krismasi za wajukuu wake.

Vikundi vya kuweka na kukopa, pamoja na chilimba za akina mama sokoni, vinafanya kazi njema na tunawapongeza wanaovishika kwa uaminifu. Lakini vikundi vingi vya kuweka na kukopa vina kasoro moja iliyo wazi: fedha zote zinagawanywa Desemba, kwa mkupuo, wiki moja au mbili kabla ya sikukuu. Mama aliyejibana miezi kumi anarudi nyumbani na bahasha nono, ukoo mzima ukijua tarehe ya mgawo. Kufika Mwaka Mpya bahasha ni karatasi tu. Kubadilisha hili hakuhitaji mradi wala semina. Kikundi kikubaliane kugawana mara mbili: sehemu ndogo mwanzoni mwa Desemba, sehemu kubwa wiki ya mwisho ya Februari. Sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu litakaa salama miezi hiyo kama lilivyokaa mingine. Pendekezo hili linaweza kupitishwa katika kikao kimoja. Kwa nini halijapitishwa?

Na kuna Januari. Serikali ilifuta ada katika shule zake tangu 2022, lakini haikufuta sare, viatu, madaftari wala mahitaji ya bweni. Shule zinafunguliwa Januari, ziwa likiwa bado limefungwa. Kwa hiyo bajeti ya Krismasi ambayo haina shule ndani yake haijakamilika. Mzazi mwenye akili atanunua viatu vyeusi vya ngozi Novemba, vikubwa kidogo, mtoto avivae kanisani tarehe 25 na kwenda navyo darasani wiki chache baadaye. Shati jeupe halijui kama ni la sikukuu au la shule. Gauni la kumeta linalovaliwa siku moja na kubana Pasaka halina nafasi katika nyumba inayosubiri Machi. Rundo la salaula (mitumba) sokoni lina nguo nzuri kwa anayekwenda Oktoba bila haraka. Anayekwenda tarehe 23 atalipa bei ya tarehe 23.

Mnasema watoto watajisikia vibaya. Watoto hawaumizwi na kiasi kidogo, wanaumizwa na ahadi kubwa isiyotimizwa na ugomvi wa wazazi usiku wa mkesha. Mtoto wa miaka tisa akiambiwa Oktoba kwamba mwaka huu ni viatu, kuku na kinywaji cha munkoyo, atawahesabia rafiki zake viatu, kuku na munkoyo kwa fahari. Mwambie mapema. Mpe kazi katika maandalizi. Mkabidhi kuku mmoja wa kienyeji tangu Agosti amlishe yeye mwenyewe, na Krismasi itakuwa imefika nyumbani miezi minne kabla.

Siku yenyewe inahitaji kidogo kuliko tunavyojidanganya. Inahitaji ibada, chakula cha pamoja na watu tunaowapenda. Muhogo upo. Maembe ya Desemba yanaiva mpaka yanaoza chini ya miti. Uyoga unaota na mvua. Mchele ukinunuliwa kilo moja moja kuanzia Septemba hausikiki mfukoni. Ndugu watatu wanaokaa kijiji kimoja hawana sababu ya kupika vyungu vitatu vya wali: mmoja alete kuku, mwingine mchele na mafuta, wa tatu kinywaji na maharage, wakae chini ya mwembe mmoja. Gharama inashuka na sikukuu inanoga.

Kwa ndugu wanaotoka Lusaka, Kitwe na Ndola: karibuni nyumbani, tunawasubiri. Lakini mnakuja mwezi ambao ziwa limefungwa. Mwenye mtumbwi si tajiri Desemba. Piga simu kabla, uliza kinachopungua, njoo na mfuko wa unga au lita za mafuta. Ukirudi usiombe mzigo wa samaki wa kupeleka mjini, maana unamwomba mwenyeji ama avunje sheria ama akupe akiba ya watoto wake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Desemba mashamba yana kazi tele.

Kwa viongozi wa makanisa: michango ya jengo, ya sare za kwaya na ya mgeni rasmi isirundikwe Desemba. Ianze Julai, fedha zikiwepo. Muumini anayechangia kwa mkopo wa kaloba hajabarikiwa, amefungwa mzigo. Neno moja kutoka madhabahuni mwezi Septemba, kwamba hakuna aibu katika Krismasi ndogo, litawaokoa wengi kuliko mahubiri ya Januari juu ya madeni.

Aibu ndiyo kiini cha yote. Mtu anaogopa kuonekana hana. Lakini jirani anayekucheka kwa sababu ulipika kuku mmoja hatakuwepo Machi kukununulia mafuta ya mashine. Mkwe atakayenuna kwa kukosa kitenge kipya atanyamaza ukimweleza kwa heshima, mapema, kwamba fedha za mwaka huu ni hizi na zimegawanywa hivi. Wakwe wengi wamewahi kukosa, wanaelewa. Wasichoelewa ni kuahidiwa Oktoba na kukimbiwa Desemba.

Basi, kama unasoma haya ziwa likiwa bado wazi, fanya kikao Jumapili hii baada ya ibada. Chukua karatasi, andika mafungu manne: chakula cha miezi mitatu, shule, mtaji wa Machi, Krismasi. Krismasi iandikwe ya mwisho, kwa kilichobaki. Soma kiasi chake kwa sauti, wote wasikie. Na kama ziwa limekwisha kufungwa na hukuweka kitu, kikao ni hicho hicho, ila kifanyike leo usiku: taja kilichopo, punguza sikukuu mpaka itoshe humo, na usiguse fedha za nyavu. Familia itakula pamoja tarehe 25, na tarehe 1 Machi utaingia ziwani bila kudaiwa na mtu.