Muda Haujasimama Dubrovnik

Jamani, hii sentensi tuipumzishe: "Ni kama muda umesimama." Kila makala ya safari kuhusu mji mkongwe lazima niikute, tena mara nyingi aya ya kwanza. Mawe ya kale, vichochoro, paka kajinyoosha juani, halafu muda unasimamishwa kama daladala. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaiandaa kichwani tulipokwenda likizo Dubrovnik, Kroatia. Aliyeniharibia ni binti yangu wa miaka tisa.

Tulikuwa juu ya ukuta unaouzunguka mji, karibu kilomita mbili, jua linachoma, mdogo wake analilia aiskrimu. Akauliza: "Baba, mbona vigae vingine vyekundu sana na vingine vimefifia?" Nikamjibu eti ni jua.

Uongo mtupu. Jibu lilikuwa kwenye ramani pale lango la Pile, tuliyoipita asubuhi bila kuisoma. Inaonyesha mapaa yaliyopigwa makombora mji ulipozingirwa 1991 na 1992. Siku mbaya kuliko zote ilikuwa 6 Desemba 1991. Vile vigae vinavyong'aa viliwekwa baada ya vita. Vilivyofifia ndivyo vilivyonusurika. Ndani ya jumba la Sponza kuna chumba chenye picha za waliokufa wakiutetea mji. Sura nyingi ni za vijana. Mke wangu alizitazama moja moja, akatoka bila kusema kitu.

Muda umesimama wapi hapo? Hata Stradun, barabara kuu tunayoipiga picha tukidhani ni ya zama za kati, nyumba zake zilijengwa upya baada ya tetemeko la 1667 kuubomoa mji.

Kilichoniuma zaidi, kama msomaji, ni sanamu ya Marin Držić. Watalii wanapanga foleni kumsugua pua wapate bahati, mpaka pua inang'aa kama sufuria mpya. Nasi tulisugua. Huyu ni mwandishi wa vichekesho aliyezaliwa hapo 1508. Mwaka 1566 aliandika barua kwa mtawala wa Florence, Cosimo de' Medici, akiomba msaada wa kuwaondoa mabwanyenye waliotawala mji wake. Mwaka uliofuata akafia Venice. Mtu aliyetaka kupindua serikali tumembakiza pua ya bahati! Ndivyo hiyo sentensi inavyofanya kazi: inachukua watu waliogombana, waliozikana na kujenga upya, inawageuza mapambo.

Utaniambia: ndugu, ni likizo, acha watu wapumzike. Sawa. Pumzika, ogelea, kula aiskrimu. Sisi tulikula mara mbili. Simdai mtalii chochote. Namdai mwandishi. Ukishakaa chini kuandika ili nikusome, likizo yako imekwisha, kazi imeanza.

Na sisi watu wa Pwani ndio tungepaswa kulijua hili kuliko wote. Mgeni akiandika kwamba Lamu imelala usingizi wa karne nyingi, tunawaka. Tunamuuliza: hao wanaohangaikia karo na bei ya unga hapo Lamu hukuwaona? Halafu tukivuka bahari tunawafanyia wenzetu yale yale. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ndani ya kuta za Dubrovnik bado kuna watu wanaoanika nguo juu ya vichwa vyetu, ingawa wamepungua sana kadiri nyumba zinavyogeuzwa vyumba vya wageni. Tukiandika kana kwamba hawapo, tunasaidia kuwahamisha.

Jioni nilimwambia binti yangu ukweli: si jua, ni makombora. Akafikiri kidogo, akauliza: "Sasa paa lilipobomoka, walilala wapi?"

Anzeni makala zenu hapo.